Ghorofa ya Sita, Hatua Chache Toka Shule Bora

Kijiwe chenyewe ni benchi la saruji lililobanwa kati ya ukuta wa shule na meza ya fundi viatu, pamoja na vigoda viwili vya mianzi ambavyo hakuna anayekumbuka vimetoka wapi. Getini pana kibao cha shaba kinachosema shule hii ni ya daraja la kwanza, nacho hufutwa vumbi kila asubuhi kuliko madirisha. Mbele ya geti umepigwa mstari wa njano, na hapo ndipo mwisho wa miguu ya mzazi. Siku zisizo za kikao, anayeuvuka ni mtoto na mwalimu tu. Saa tisa na nusu watoto bado wamo ndani, lakini mabibi na mababu wa jiji la Chengdu hawajui kuchelewa kumchukua mjukuu, kwa hiyo hukaa hapo saa nzima wakinywa chai ya yasmini na kuisema shule. Maji ya moto ni ya Mzee Tan, chupa moja, na sheria ya kijiwe ni kwamba maji yakiisha na maneno yameisha. Sheria ya pili haijaandikwa popote ila wote wanaijua: akikaa mgeni, shule inasifiwa. Maana kila mmoja pale alihama kwake akanunua kibanda cha kuku kilicho ndani ya mpaka wa shule, na kibanda hicho ukikitoa sifa ya shule kinabaki cha kuku tu.

Siku hiyo Bibi Qiu alifika wa mwisho, ameshika goti. Wenzake wanamwita Sita, kwa kuwa anakaa ghorofa ya sita na jengo halina lifti. Zamani alikuwa na nyumba ya chini upande wa mashariki wa jiji, yenye ua, kamba tatu za kuanikia nguo na mti wa pilipili. Aliiuza, mwanawe akauza yake, wakaunganisha, wakapata mita thelathini na mbili za mraba na mtoto mmoja getini. Mtoto mwenyewe ni Shitou, yuko darasa la tatu, na tangu mwaka mpya ameng'oa nyusi yake ya kushoto, unywele mmoja mmoja, mpaka imekwisha. Wiki iliyopita Bibi Qiu alimkabidhi dalali ile ghorofa ya sita. Ikiuzwa, wanarudi mashariki, kwenye shule isiyo na kibao chochote. Isipouzwa, nyusi ya kulia itafuata. Kijiweni hakumwambia mtu.

— Sita, chai ya kwanza imekupita, — akasema Mzee Tan. Huyu ndiye Redio; ukimwasha hazimiki.

— Goti. Ngazi tisini zile, Redio, si mdomo wako unaopanda na kushuka usichoke.

— Jana kwenye kikao cha wazazi mkweo alienda? — akauliza Bibi Luo. Huyo wanamwita Mbegu, maana hatafuni kingine ila mbegu za alizeti, na maganda anamtemea fundi viatu.

— Alienda.

— Mwalimu kasemaje?

— Kamuuliza, "Mama, huyu mtoto mnamfundisha siku zipi?"

Redio akashusha kikombe.

— Kauliza mwalimu? — akasema Redio.

— Mwalimu wa hesabu.

— Na mkweo kajibu nini?

— Kaomba radhi.

— Afadhali yenu, — akasema Mbegu. — Darasani kwetu mwalimu kaingia, kauliza, nani hajui kugawanya? Kanyoosha mkono mjukuu wangu peke yake, kama mlingoti. Kaambiwa, basi mwulize jirani yako, sisi tunaendelea.

— Jirani kajulia wapi?

— Kwa mama yake. Mama yake anajenga madaraja.

— Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, — akasema Redio huku akimimina. — Wazee walishamaliza. Mama wamemtaja, ulimwengu wameutaja. Shule umeisikia humo?

— Nyie mnahangaika na matawi, — akaingia Mzee Hou. Huyu alikagua tiketi kwenye treni miaka thelathini, kofia hajaivua hadi leo, ndiyo maana ni Kamishna. — Kosa ni geti. Geti la zamani lilitazama mto. Hili jipya linatazama zahanati ya meno. Akili ya mtoto ikitoka tu inakutana na koleo. Itakubali kurudi kesho?

— Kamishna, wewe umetazama reli miaka thelathini, mbona hukufika popote?

— Mchelea mwana hulia mwenyewe, — akajibu Kamishna kwa uzito, na hakuna aliyejua hiyo imeingiaje, ila wakaipisha.

Redio akasogeza kigoda. Ukimwona anasogeza kigoda ujue linakuja kubwa.

— Tazameni zile picha za Walimu Bora pale ukutani. Kumi na wawili. Nani amewahi kumwona hata mmoja akitoka?

— Wamehamishwa kwa zamu, — akasema Mbegu. — Si amri ilitoka, walimu wazuri wakafundishe shule za pembezoni.

— Ndo hapo sasa. Walimu wameenda, picha zimebaki. Tumehama makwetu kufuata picha. Na yule wa tatu kutoka kushoto, Mwalimu Ouyang, mimi nasema hajazaliwa bado. Ile ni sura ya tangazo la miwani.

— Redio, bana.

— Miwani yenyewe haina hata kioo. Nenda kaangalie.

— Nyie mko nje kabisa, — akasema Kamishna, akashusha sauti. — Shule ziko mbili. Hii ya mbele ni ya kupanga mistari na kupeperusha bendera. Ya nyuma ndiyo yenyewe. Wa nyuma wanaingia alfajiri kwa geti la mtoni, mtihani wanafanya wao, kibao tunakifurahia sisi.

— Umeiona hiyo ya nyuma?

— Wewe umeiona ya mbele?

Mbegu akaongeza mbegu mdomoni. Bibi Qiu naye akahesabu kimoyomoyo. Miaka mitatu amesimama kwenye ule mstari wa njano, mvua na baridi, na alichowahi kukiona cha ndani ni mlingoti wa bendera na nusu ya choo.

— Mimi sioni uchawi wowote, — akasema Mbegu baada ya kutema. — Hawafundishi, wanachagua. Mmemwona yule muuza matikiti wa sokoni? Hapandi, hamwagilii. Anagonga gonga tu, lililoiva analiweka mbele, watu wanapita wanasema huyu bwana analima.

— Na ambalo halijaiva? — akauliza Bibi Qiu.

— Linarudishwa kwa mwenyewe. Si jana mkweo kaulizwa mnalifundisha siku zipi.

Wanaume wakacheka. Bibi Qiu akanywa chai yake. Uongo wa siku hiyo ulikuwa mwingi, lakini huo wa matikiti ulikuwa na mfupa.

Ndipo akaja mwanamke wa rika lao, mfuko wa kitambaa begani, viatu vina udongo mwekundu.

— Samahani wenzangu. Hapa pana mtu?

— Karibu dada, kaa, — akasema Redio, na sauti ikabadilika palepale, ikawa ya harusini. — Umekuja kumchukua mjukuu?

— Mjukuu ana miaka mitatu. Mie ni Bi Yan, natokea Jianyang. Nimekuja kutazama nyumba. Dalali kaniambia nikae kwanza nilione geti. Kijana mmoja ana tai, anaongea kama anafukuzwa.

Hakuna aliyesema anamjua.

— Anasema hesabu inaangukia sawa, — akaendelea Bi Yan. — Maana nyumba moja inaingiza mtoto mmoja tu kila miaka sita, na wangu akifika umri wa shule, sita ya aliyemo itakuwa imekwisha. Mwanangu anataka niuze kwangu tuunganishe. Nami nikasema nisiulize dalali, niulize wenye wajukuu. Hii shule ni nzuri kweli?

Sheria ya pili ikaanza kazi.

— Nzuri? — akasema Kamishna. — Tazama geti lenyewe. Linatazama zahanati ya meno. Mtoto akiumwa jino, hatua ishirini. Huyo aliyepanga hivyo ana akili ya kuona mbali.

— Walimu ndio usiseme, — akasema Redio. — Hadi shule nyingine zinawaazima. Wewe umesikia wapi mwalimu anaazimwa kama ngazi? Mwalimu Ouyang yule, wa tatu kutoka kushoto, ukimtazama tu unapata elimu.

— Watoto wanapendana, — akasema Mbegu. — Mmoja asipojua, jirani yake anamfundisha. Mwalimu haingilii.

— Na wazazi wanashirikishwa, — akasema Redio, akimkazia macho Bibi Qiu. — Sita, si jana tu mwalimu kamtafuta mkweo ili ashauriane naye. Kamwita nani vile?

— Kamwita mama, — akasema Bibi Qiu.

— Umeona? Kamwita mama. Chema chajiuza, dada yangu, kibaya chajitembeza.

Bi Yan alikuwa anasikiliza ameinamisha kichwa, kama anayepimiwa mchele na kuutazama mzani. Walipomaliza akatoa karatasi mfukoni, akaivutia mbali kidogo na macho.

— Basi nielekezeni majengo. Kaniandikia nyumba nne. Jengo la tatu, ghorofa ya sita, mita thelathini na mbili. Mwenyewe bibi wa goti.

Bibi Qiu akatazama ndani ya kikombe. Aliona majani ya chai tu.

— Jengo la tano, ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa.

Mbegu akaacha kutafuna.

— Jengo hilohilo, ghorofa ya nne, kibaraza kimezibwa kwa vioo.

Kamishna akavua kofia, jambo ambalo kijiwe hakijawahi kuliona, akajikuna, akaivaa tena.

— Na jengo la kwanza, ghorofa ya tatu. Hii kaandika pembeni: mwenyewe mzee, muungwana, ila ukifika usimwache aanze kuongea.

Watatu wakageuka kumtazama Redio.

— Kumbe, — akasema Mbegu polepole. — Redio. Si wewe uliyeapa utafia hapa?

— Nilisema naweza kufia hapa. Sikusema nataka.

— Na wewe Kamishna, kile kibaraza si ulisema unakiziba kwa sababu ya baridi?

— Baridi ipo. Na wewe juu ya duka la dawa hukai?

— Sita ndiye kaniuma, — akasema Mbegu. — Kimya kimya kama chawa.

— Hukuniuliza, shoga, — akasema Bibi Qiu. — Nami sikukuuliza.

Bi Yan akawatazama mmoja mmoja, wote wanne, bila haraka. Akaikunja karatasi mara moja.

— Sawa. Basi na mie niulize moja tu. Geti zuri, walimu wanaazimwa, watoto wanapendana. Kati yenu nani anabaki?

Fundi viatu alikuwa anagonga msumari, akasita naye kusikia. Redio akafungua kinywa, kikabaki wazi, na hilo ni jambo la kuandikwa. Mwishowe akainyanyua chupa ya chai, akaiinamisha juu ya kikombe cha mgeni. Likatoka tone moja.

— Aa. Maji yameisha, — akasema, na uso ukamrudia. — Kwa sheria yetu, dada, maji yakiisha...

— Maji ninayo, — akasema Bi Yan.

Akachomoa mfukoni chupa yake mwenyewe, kubwa mara mbili ya ile ya Redio, akajaza vikombe vinne mpaka ukingoni.

— Nimeyachemsha asubuhi. Endeleeni.

Mbegu akatafuta mbegu mfukoni, Kamishna akakagua saa kama treni imechelewa, na chai ikatoa mvuke mbele yao.

Geti likafunguliwa. Darasa la tatu likatoka kwa mstari, mtoto wa mbele kabeba kibao cha namba, wengine nyuma yake bila kelele. Shitou alikuwa wa tatu kutoka mwisho. Akauvuka mstari wa njano, akamkabidhi bibi yake begi, ambalo uzito wake ungelitosha punda. Nyusi ya kushoto Bibi Qiu humchorea kila asubuhi kwa kalamu ya wanja ya mama yake, lakini kufika alasiri huwa imekwishafutika kwa vidole, na siku hiyo ilikuwa imeburuzwa hadi karibu na sikio.

Bi Yan akamtazama mtoto, akamwinamia.

— Nyusi imekukosea nini, mjukuu wangu?

— Inawasha, — akasema Shitou. — Nikihesabu.

Dalali alikuwa amemfundisha Bibi Qiu neno la kusema. Mzio. Useme ni mzio wa chavua, bibi, Chengdu nzima wanao. Wenzake watatu walikuwa wakimtazama, na kila jicho lilikuwa na nyumba ndani yake. Lake pia lilikuwa nayo. Akalitafuta lile neno, akaona anaweza kulisema bila shida yoyote. Alishasema makubwa kuliko hilo kumpatia huyu mtoto nafasi. Akamtazama Bi Yan viatu, ule udongo mwekundu.

— Ghorofa ya sita inapata jua, — akasema. — Siku likitoka, nguo zinakauka kabla ya adhuhuri.

Bi Yan akasubiri. Alipoona hakuna kinachofuata, akaikunja karatasi mara ya pili, na ya tatu, akaitia mfukoni, chupa akaitia juu yake.

— Jua hata kwangu lipo, — akasema. — Nina ua. Kamba nne.

— Mimi nilikuwa na tatu, — akasema Bibi Qiu. — Basi anika hukohuko.

Bi Yan akashukuru kwa kiti, akaenda zake kituo cha basi, na hakutazama nyuma, si geti wala kibao.

— Sita, umetuzika, — akasema Redio. — Wanne kaburi moja.

— Kunywa chai yako, — akasema Bibi Qiu. — Ni maji mazuri.

Akalitupia begi begani, akamshika Shitou mkono wa kushoto, ule unaong'oa, wakaelekea jengo la tatu. Goti lilishaanza kulalamika, na ngazi bado zilikuwa tisini.