Kidole cha Mzee wa Taa za Reli

Wafiwa wenzangu, majirani na wote mliotufikia, familia imenituma mimi, mtoto wake wa kwanza, niwasomee safari ya baba yetu, nami naomba mnivumilie, kwa sababu kuna mahali humu sauti itanigoma, na si kwa huzuni peke yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba namba saba, akiwa wa tatu kati ya watoto watano wa fundi wa mabehewa, akasoma shule iliyokuwa ng'ambo ya reli mpaka mwaka 1963, na tarehe 2 Juni 1967 akaajiriwa kwenye kibanda cha ishara, ambako kwa miaka thelathini na saba aliwasha taa na kubadilisha njia za treni bila ajali hata moja. Tarehe 9 Septemba 1972 alifunga ndoa na mama yetu, mkata tiketi wa dirisha la pili, wakajaliwa watoto wanne.

Mwaka 1981 alisoma kwenye gazeti lililofungiwa sabuni kwamba wafanyakazi wa reli Japani huinyooshea taa kidole na kuitaja kwa sauti, ili jicho, mkono na mdomo vikumbushane, na tangu siku hiyo hakuacha, kibandani na hata nyumbani: "Jiko limezimwa!" "Mlango umefungwa!" "Dawa ya presha imemezwa!" Watoto wa mtaa wakambandika jina la Mzee Kidole, naye akalipokea kama cheo. Alitusimulia pia kwamba Australia kuna reli iliyonyooka karibu kilomita mia tano bila kona, na kwamba treni ya kupanda Tibet huongezewa oksijeni ndani ya mabehewa, nasi tulicheka, tukasema mzee anatufunga kamba.

Tarehe 6 Februari 2024, wazazi wa mchumba wa binti yangu walipotutembelea mara ya kwanza, baba aliinuka mezani, akaunyooshea kidole mkebe wa dawa na kupaza sauti. Mimi, mtu mzima mwenye mvi, nikamwambia mbele yao, "Baba, acha hayo, unatuaibisha." Akajibu, "Haya, mwanangu," akaurudisha mkono mapajani. Hakunyoosha kidole tena. Tulifurahi kwamba nyumba imetulia, kumbe alikuwa akisahau dawa, na vidonge tulivikuta vimejaa mkebeni tarehe 19 Aprili, siku aliyoanguka kwa kiharusi. Alifariki hospitalini tarehe 23 Aprili, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na mitano.

Siku zile nne, kwenye benchi la nje ya wodi, nilizitafuta hadithi zake kwenye simu, moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa kweli. Haya hayamo katika karatasi waliyoipitisha ndugu zangu, nimeyaongeza mwenyewe. Majuto ni mjukuu, na wangu amekuja mbio. Naona aibu, tena aibu kubwa, na siwezi kumzika baba nikiwa nimeificha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliotubebea viti na maji, na wastaafu wenzake wa reli mliokuja na sare zenu za zamani. Wakwe wa binti yangu, niwieni radhi, kwa sababu sasa mimi mwenyewe nitanyoosha kidole.

Baba, taa ni ya kijani! Njia iko wazi! Pita, upumzike kwa amani.