Aliyehesabu Kabla ya Ngoma

Ndani ya basi, mama aliyempakata mwanawe alijifanya anatazama dirishani, kumbe masikio yote yako kwa kinyozi na fundi cherehani waliokuwa wakibishania bendi ya roki waliyoipenda wote wawili.

“Albamu ya kwanza ilikuwa makelele matupu,” kinyozi alisema. “Sasa wameitoa upya, imesafishwa, kila gitaa unalisikia.”

“Wamesafisha mno,” fundi alijibu. “Kuna mtu alikuwa anahesabu moja, mbili, tatu kabla ya ngoma kuanza. Wamemfuta.”

“Ala! Nani ananunua albamu asikilize hesabu?”

“Mimi. Aliyekuwa akihesabu ni mpiga ngoma wao, kaka yangu, marehemu. Sina sauti yake nyingine, na kanda yangu ya zamani ililiwa na redio.”

Basi likasimama. Kinyozi akainuka taratibu, akageuka mlangoni, akasema: “Pole, ndugu yangu. Lakini ngoma zake, wallahi, sasa zinasikika.”