Lowell Hrabak na Pedali Mia Mbili na Kumi Zilizorudi

Ijumaa hii, tarehe 30 Mei 2025, Bwana Lowell Hrabak anastaafu baada ya kuitumikia karakana yetu ya pedali za gitaa, vile visanduku vya kukanyaga vinavyobadilisha sauti ya gitaa, hapa Akron kwa miaka thelathini na minne. Alianza kama fundi wa kulehemu kwenye meza ya nyuma, karibu na mlango usiofunga vizuri, na hakuihama hata alipofanywa mkuu wa ukaguzi. Alidai baridi inamzuia kusinzia.

Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Kila pedali aliikanyaga, akapiga nyuzi mbili tatu kwenye gitaa lake lililobanduka rangi, kisha akaifungua na kuirekebisha kwa bisibisi mpaka sauti ikae sawa. Utani nao haukumpiga chenga. Mteja mmoja alilalamika kwamba pedali yake inakoroma. Lowell alimsikiliza akipiga, akamwambia, "Pedali ni nzima, kaka. Inakuigiza tu." Mteja yule alinunua ya pili.

Mwaka 2016 tulitoa pedali iliyotutangaza. Sauti ilipita kwenye saketi za kizamani kama kawaida, ila vitufe vyake vya kuzungusha viliongozwa na kompyuta: unaandika namba, tuseme 62, pedali inajipanga yenyewe. Programu iliandikwa na fundi wetu wa kompyuta, aliyechukua vipimo vya pedali moja tu na kuvitumia kwa zote. Lowell alimwonya: "Hizi ni baba mmoja, mama mbalimbali. Namba moja haitakupa sauti moja." Fundi akamjibu mbele ya karakana nzima, "Mzee, mambo ya masikio yamepitwa. Namba haidanganyi."

Miezi miwili baadaye pedali mia mbili na kumi zilikuwa zimerudishwa. Ile 62 iliyonguruma kwa mpigaji mmoja, kwa mwingine ilipiga mluzi. Mwenye karakana, Bi Renata Dietz, alikuwa tayari ameandika majina ya watakaopunguzwa.

Kwa wiki kumi na moja Lowell alizifungua moja moja, akakaza na kulegeza skrubu ndogo za ndani mpaka 62 ikawa 62 kwa kila mtu. Zikarudi kwa wateja na barua ya fundi yule iliyosema kosa limeondolewa na toleo jipya la programu. Toleo jipya halikuwepo. Fundi alikuwa amebadilisha rangi ya skrini, basi. Bi Dietz, aliyedhani Lowell alikuwa akizipakia programu tu, aliyaamini maneno ya barua ile, akampandisha fundi cheo. Siku ya sherehe tulikula mipira ya kabichi chachu, kitafunio cha hapa kwetu, watu wakapiga makofi, na Lowell akapiga pia.

Fundi huyo ni mimi, Craig Vandersall, ninayeandika wasifu huu. Nimeshindwa kumtazama machoni kwa miaka tisa. Namwamkia huku nikitazama mikono yake, na mikono yenyewe ndiyo inayonisuta. Jumatatu nilimweleza Bi Dietz yote. Kisha nikamwendea Lowell, nikamwambia nataka ukweli uwe kwenye kijitabu cha sherehe yake. Hakuacha kulehemu.

"Andika," alisema, "ila usinirembe. Na rangi yenyewe ya skrini ilikuwa mbaya."

Nimeomba kuhamia meza ya nyuma, na Bi Dietz amekubali. Jana, kutwa nzima, nilirekebisha pedali tatu kwa masikio yangu. Lowell alizisikiliza, akavuta kiti, akazifungua tena zote tatu huku nikimtazama.

Bwana Hrabak, kwa niaba ya karakana nzima, asante kwa miaka yako yote. Na kwa niaba yangu peke yangu, nisamehe. Tunakuombea afya, mapumziko matamu, na asubuhi zenye joto mbali na mlango ule. Sasa baridi yake ni zamu yangu.