Tulichoomba King'oke Moyoni

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Na mara ya pili, maana miye nahesabu kila kitu mara mbili: Bwana apewe sifa!

Wengi munanijua, mama wa kuuza maharagi hapa Katoyi. Mwaka huu pumzi ilianza kunikatika. Nikibeba kapu moja tu, naketi chini kama muzee. Nikaenda kupimwa moyo kwa ekografi, ile mashine inayoonyesha ndani ya mwili. Daktari akatazama upande mumoja tu, akafuta mashine yake.

“Mama,” akasema, “kuna kitu kimeota katika chumba cha kuume cha moyo. Kinaweza kuwa uvimbe. Itabidi upasuliwe, tena mbali, hapa hatupasui moyo.”

Nilirudi nikagawia dada zangu vitenge vyangu vinane ningali hai, wasije wakavipigania kwenye matanga. (Sita vimekwisha kurudi, viwili bado naviombea.) Wamama wa chumba cha maombi walifunga pamoja nami siku tatu. Tulilia: “Bwana, ng'oa kitu hicho!”

Siku ya nne amani ilinishukia, na ndani ya amani hiyo, swali. Gunia la maharagi silinunui kwa kuangalia juu; natia mukono mpaka chini. Mbona kifo nilikipokea kwa kuangaliwa upande mumoja?

Nikaenda kwa daktari mwingine, muzee wa kazi hiyo.

“Papa Dokta, angalia mara mbili, upande huu na ule.”

“Mama, umekuja kupimwa ao kupatana bei?”

“Vyote viwili, Papa.”

Akacheka, akanilaza ubavu, akaangalia, akanigeuza, akaangalia tena. “Hii si ugonjwa,” akasema. “Ni ukingo wa nyama ya moyo wenyewe. Watu wote tuko nao. Wako umenenepa kidogo. Pumzi inakatika kwa sababu damu imepungua.” Akaniandikia vidonge vya kuongeza damu. Leo kapu nabeba.

Ndugu zangu, wengine husimama hapa wakisema uvimbe umetoweka. Miye nasema kitu kingali humu! Siku tatu tulimusihi Mungu ang'oe kazi ya mikono yake mwenyewe, naye kwa rehema akakataa. Haleluya!

Nawe unayetetemeka na karatasi ya hospitali mukononi: omba, kisha urudi uangaliwe tena. Aliyekuumba hashangazwi na kitu chochote kilicho ndani yako. Mutumainie yeye.