Si Kurembua: Bi Mashavu na Kofia ya Nyuzi Tatu

Asalaam aleykum, wasikilizaji wapendwa. Kaeni vizuri, na anayezungumza apunguze sauti kidogo. Leo tunamkumbuka Bi Mashavu binti Shaame, mshona kofia wa mtaa wa Kiponda. Alifariki Jumanne iliyopita, akiwa na umri wa miaka thelathini na nne. Na nasema mapema: sikuja hapa kulia. Nimekuja kumsafishia mtu jina lake, ingawa mwenyewe alishalisafisha zamani wala hakuningoja mimi.

Bi Mashavu alizaliwa Makunduchi, akaolewa mjini na Bwana Silima, seremala wa milango. Kofia zake mnazijua. Pengine unayo moja kichwani sasa hivi. Zilikuwa kofia za mkono, zenye vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi. Vitundu hivyo yeye akiviita "vijicho", kwa mzaha wake. Akisema, "Kikizibika kimoja, nnafumua mstari mzima."

Mwaka 1953 macho yake mwenyewe yakaanza kuzibika. Asubuhi mzima. Ikifika adhuhuri, kope zinashuka. Alasiri anatazama watu kwa macho nusu, na sauti inamtokea puani. Akilala akaamka, mzima tena. Lishikeni hilo, wasikilizaji wapendwa: asubuhi mzima, alasiri hoi.

Sasa, sisi watu wa mji huu tuna neno letu. Mwanamke akitazama kwa macho nusu, tunasema anarembua. Tukishalisema hilo, tumemaliza. Linalobaki ni kuuliza anamrembulia nani.

Siku moja, alasiri, Bi Mashavu alipeleka kofia dukani Darajani. Mwenye duka, ambaye jina lake nalisitiri, alipotazamwa kwa macho yale akajiona kapendwa. Kesho yake akatuma kikuba cha asumini, maua ya kumpa mpenzi, nyumbani kwa Bi Mashavu. Aliyekipokea mlangoni ni mumewe.

Basi maneno yakaenea mtaa mzima. Barazani tulicheka. Nasema tulicheka kwa sababu na mimi nilikuwepo, na mzaha mmoja uliochekwa sana ulikuwa wangu. Sitaurudia, na nauonea haya mpaka leo.

Alikwenda kwa daktari mmoja asubuhi. Asubuhi, wasikilizaji, wakati hana hata dalili. Daktari akamwambia ni mzima, aache kudeka. Akaitwa mganga, akasema ni pepo, anataka kupungwa. Bwana Silima akachoka. Akamwambia mkewe, "Utakwenda kwenu Makunduchi. Macho yakikaa sawa, utarudi. Yasipokaa sawa, talaka itakufuata huko huko."

Jawabu la Bi Mashavu nimelipata kwa dada yake, Bi Mwanakheri, aliyekuwa chumbani siku hiyo. Alisema hivi: "Pepo gani huyu, nikipumzika na yeye anapumzika? Nipe siku saba, Silima. Ukiniacha kabla ya hapo, ujue umemwacha mgonjwa, hukumwacha mhuni."

Akapewa siku saba. Akafanya nini? Akashona kofia moja tu, na kila baada ya sala akabadilisha uzi. Baada ya alfajiri, uzi mweupe. Baada ya adhuhuri, uzi wa kijani. Baada ya alasiri, uzi mwekundu. Hakufumua hata kitundu kimoja, yeye ambaye kwa kosa dogo akifumua mstari mzima.

"Kule kutofumua kulimuuma kuliko maradhi yenyewe," Bi Mwanakheri aliniambia. "Alikuwa akishona huku kainua kope kwa kidole, machozi yanamtoka. Nikamwambia, mdogo wangu, hebu lete nikushonee. Akanambia, 'Ukishona weye itakuwa kofia yako. Mie nataka yangu, mbovu hivyo hivyo.'"

Siku ya nane alikwenda hospitali alasiri. Kwa makusudi. Alikwenda na mumewe na dada yake, wakaonana na Dokta Mabrouk, aliyekuwa amerudi karibuni kutoka masomoni. Bi Mashavu akaiweka kofia mezani. Kwa sauti ile ya puani akasema, "Nyeupe ni asubuhi. Kijani ni mchana. Nyekundu ni saa kama hizi. Siku saba hizo. Soma, Dokta."

Dokta Mabrouk akasoma. Uzi mweupe umenyooka, wa kijani umelegea, mwekundu vitundu vimezibika. Kisha mweupe tena, umenyooka. Hakucheka. Alimwambia atazame dari bila kuteremsha macho. Haukupita muda, kope zikaanguka. Akamchoma sindano mkononi, akasema, "Tungoje."

Wakangoja. Katika robo saa kope zikapanda, na sauti ikarudi mahali pake. Bi Mwanakheri anasema, "Alimtazama Silima kwa macho makavu, wazi kabisa, mpaka Silima akatazama sakafu."

"Haya maradhi yana jina?" Bi Mashavu akauliza.

"Yanaitwa myasthenia gravis," Dokta akajibu. "Mishipa ya fahamu inaita, misuli haisikii sawasawa. Ukiitumia inachoka, ukiipumzisha inarudi. Dawa ya kuyamaliza sina, Bi Mashavu. Ninavyo vidonge vya kuyatuliza."

"Kwa hivyo sirembui."

"Hurembui."

Wengine tungefurahi tukaificha ile kofia. Bi Mashavu aliimaliza. Ukingoni akatarizi maneno kwa herufi za Kiarabu, kila mpita njia ayasome: Si kurembua, ni maradhi. Akampa mumewe. "Ivae Ijumaa," akamwambia, "na upite Darajani."

Bwana Silima aliivaa. Alipita mbele ya lile duka, na mbele ya baraza letu. Juzi aliniambia, "Masikio yaliniwaka moto kwa haya. Lakini ilikuwa haki yake." Makunduchi Bi Mashavu hakurudishwa. Alikwenda kutembea tu, kwa hiari yake.

Miaka sita alishona kwa vidonge na kwa kupumzika, akigawa siku yake kwa sala. Maradhi hayakuondoka. Mwezi huu alipata homa ya kifua, na misuli ya kupumulia nayo ikachoka. Nimesikia mtu akisema maradhi yamemshinda. Namjibu hapa hapa hewani: sisi ndio tuliotaka kumshinda kwanza, yeye akatushinda sote kwa sindano ya kushonea.

Tulimzika Jumatano, baada ya alasiri. Bwana Silima alikuwa amevaa kofia ile. Mimi nilisimama nyuma yake, nikaisoma mzunguko mzima, mweupe, kijani, mwekundu.

Kwa Bwana Silima, kwa Bi Mwanakheri, na kwa jamaa wote wa Makunduchi na Kiponda, tunatoa mkono wa pole. Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Mashavu, awape nyinyi subira.

Na sisi tuliobaki barazani, tufikiri. Alasiri ukimwona mtu macho yamemlegea, usiulize anamrembulia nani. Muulize asubuhi yanakuwaje. Mimi nilikuwa na miezi mizima ya kumuuliza kabla ya kofia ile, na nyumba zetu zinatazamana. Sikumuuliza.