Bi Chapa, Mwandishi Aliyeogopa Vitenzi

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mwandishi wa riwaya za upelelezi, yule ambaye wengi wenu mlimjua kama Bi Chapa. Alifariki wiki iliyopita, akiwa na miaka sabini na moja. Ameacha riwaya tisa na mdogo wake mmoja wa kike. Huyo mdogo wake ndiye aliyenisimulia mengi ya haya.

Jina la Bi Chapa alilipata mahakamani. Kabla ya kuwa mwandishi, alikuwa mpiga chapa. Miaka kumi na minane alipiga chapa maneno ya mashahidi na washtakiwa, neno kwa neno, bila ruhusa ya kurekebisha hata moja. Huko ndiko sikio lake lilikofunguka.

"Asiye na la kuficha anasema, nilivunja kikombe," aliniambia siku moja, hapa hapa studio. "Mwenye la kuficha anasema, kikombe kilivunjika. Kisu kiliponyoka. Moto ukawaka. Vitu vinafanya kazi yote, yeye mwenyewe hayumo."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Na usiniamini sana," akaongeza. "Hata mimi nikivunja kikombe nasema kimevunjika. Ndiyo maana naogopa."

Kuogopa, wasikilizaji, ndiko kulikomjaa. Mdogo wake anasema: "Dada alikuwa mwoga kupindukia. Akiandika sura ya mauaji, ananiita nikae chumbani nifume, nisiseme neno. Tena mchana kweupe."

Sasa sikilizeni kilichotokea miaka ishirini na miwili iliyopita. Bi Chapa alikuwa ametoa riwaya ya tatu. Akapigiwa simu kwamba mdogo wake ameanguka ngazini nyumbani kwake, yuko hospitali, hana fahamu. Akakimbia. Kwenye korido akamkuta shemeji yake, mume wa huyo mdogo wake, kavaa shati safi, ameshika kikombe cha chai.

"Shemeji, imekuwaje?"

"Hata sielewi, shemeji. Maji yalimwagika. Akateleza. Simu nayo ikazimika."

Bi Chapa akasogea karibu. Akamwuliza tena. Shemeji akarudia maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule. Maji yalimwagika. Akateleza. Simu ikazimika. Kisha akatabasamu. "Au unataka kunitia kitabuni?"

Ushahidi hakuwa nao. Alikuwa na vitenzi vitatu tu. Akamwomba muuguzi mkuu wa wodi kwamba mdogo wake asitolewe bila yeye kuwepo. Muuguzi akauliza kwa nini. Bi Chapa aliniambia: "Ningemwambia nini? Kwamba mume wa mtu ana sarufi mbaya?"

Basi akakaa kando ya kitanda. Siku tano. Kila alasiri shemeji alikuja, mpole, akisalimia kila mgonjwa. Alikaa upande wa pili wa kitanda akimtazama Bi Chapa, si mkewe. Bi Chapa alimshika mdogo wake mkono chini ya shuka.

Siku ya tatu mgonjwa alifumbua macho. Mumewe akamwahi: "Ulianguka, mke wangu." Naye akamjibu daktari hivyo hivyo: "Nilianguka." Daktari akaandika.

Siku ya tano mgonjwa akaruhusiwa kwenda nyumbani. Mume akaenda dirishani kusaini fomu. Bi Chapa akainama.

"Mdogo wangu. Ulianguka, au uliangushwa?"

Viatu vya mume vikasikika vinarudi.

"Niliangushwa."

"Mkono wake ulikuwa unatetemeka," anakumbuka mdogo wake. "Nikadhani ni wangu. Kumbe ni yote miwili."

Yule mwoga akaenda kusimama mlangoni mwa wodi.

"Shemeji, tupishe," akasema mume.

"Haendi."

"Nimesema tupishe."

"Haendi."

Yule muuguzi mkuu aliona, akaita walinzi, kisha polisi. Simu ya mgonjwa ilikutwa juu ya kabati la mumewe, imetolewa betri. Mume alifungwa miaka tisa.

Mtadhani hofu iliishia hapo. Haikuisha. Yule mume alipotoka gerezani, dada hawa wawili walikuwa wanaishi pamoja. Walihama nyumba mara mbili. Kila nyumba, Bi Chapa aliweka makomeo matatu. Yule bwana hakuja. Nasema tena, hakuja hata mara moja. Lakini Bi Chapa alimsubiri kila siku. Akisikia hatua nje, kalamu inasimama. Riwaya sita kati ya tisa aliziandika hivyo.

Nilimwuliza kwa nini hakuandika kisa hiki. Akajibu: "Muuaji wangu nikifunga kitabu, amefungwa. Huyu je?"

Bi Chapa alifariki kwa maradhi ya moyo, saa nne asubuhi, kitandani kwake. Mdogo wake anasema: "Aliniuliza kama nimefunga makomeo. Nikamwambia yote matatu. Nilikuwa nimeuacha mlango wazi apate hewa. Akalala."

Mdogo wake Bi Chapa, pole sana. Pole kwa wasomaji wake na kwa wote waliofanya naye kazi mahakamani. Apumzike kwa amani.

Nawe unayenisikiliza, huenda kuna mtu wako aliyekwambia juzi kwamba alijikwaa. Mtafute leo. Mwulize akiwa peke yake, na umpe muda wa kujibu.