Ukurasa wa Neno Moja

Juu kabisa mlimani, pale njia ya changarawe inapokomea kwenye bomba la mtaa, pana benchi la mbao lenye miguu mitatu na tofali moja. Hapo ndipo kijiweni. Upande wa kulia huketi Betri, fundi redio, ambaye hajawahi kukiri kwamba kuna jambo asilolijua. Upande wa kushoto huketi Brashi, mchora mabango, ambaye mikono yake ina rangi saba hata akienda harusini. Katikati yupo Shangazi na birika lake la kahawa. Si shangazi wa mtu yeyote pale, ila ndivyo wote wamwitavyo. Na juu ya ndoo iliyopinduliwa, karibu na koki yenyewe, huketi mlinzi wa bomba. Kwa miaka kumi na mmoja ameifungua na kuifunga ile koki, mpaka jina lake la kuzaliwa likasahaulika, akabaki kuitwa Koki. Alasiri ile wote wanne walikuwa wameukodolea macho ukuta wa kibanda cha bomba. Brashi alikuwa ameuandika kwa rangi ya mafuta, herufi nyekundu zenye kivuli cheusi: JE, MAJI YAPO? TAZAMA 127.0.0.1:5000.

— Kazi safi, alisema Brashi. Semeni wenyewe.

— Safi sana, alisema Betri. Ila haifunguki.

— Rangi haifunguki?

— Anwani, bwana! Nimeiandika kwenye simu mara nne. Inaniambia hakuna kitu.

Kazi ile ilikuwa ya Koki. Miezi minane alikuwa akijifunza Python, lugha ya kuandikia programu, juu ya ndoo ile ile, kompyuta kuukuu mapajani, akisoma masomo ya bure kati ya maji kuja na maji kukatika. Kutokana na miezi hiyo minane alikuwa amepata ukurasa mmoja tu, wenye neno moja alilolibadilisha yeye mwenyewe: YAPO, au HAYAPO. Basi.

Lakini neno hilo moja lilikuwa na uzito wake. Maji ya mtaa ule huja yanapojisikia. Watu hupanda mlima na ndoo tupu, wakateremka na ndoo tupu. Na kila siku, saa kumi kamili, pale njia inapopinda karibu na karakana ya seremala, hutokea mama mkwe wake Koki na dumu lake la njano. Mguu wake wa kushoto ni mbovu. Hupumzika mara tatu njiani. Akifika juu, humkuta mkwewe amesimama mbele ya koki kavu, na Koki hana la kusema ila, "Hayapo, mama." Katika kazi zote za bomba, hiyo ndiyo iliyomshinda.

Alijaribu kumpigia simu kabla hajatoka nyumbani. Mama akakataa. "Mkwe wangu, majirani zangu nao wana miguu. Ukinipigia mimi, wapigie wote." Akajaribu kuanzisha kundi la mtaa kwenye simu. Habari ya maji ikazikwa chini ya salamu za asubuhi na picha za maua.

— Mbona hapa kwangu inafunguka? alisema Koki, akawageuzia kompyuta. Neno HAYAPO lilikuwa limejaa kioo kizima.

— Ni mlima huu, alisema Betri. Namba zinachoka kupanda.

— Simu zimo humu humu mlimani, Betri.

— Ndiyo nasema, zimeshachoka.

— Labda ni kivuli changu, alisema Brashi kwa huzuni. Nimezitilia kivuli. Huenda simu inataka namba kavu.

— Simu haisomi ukuta, Brashi!

— Sasa inasoma nini?

— Sikilizeni, alisema Betri, akaweka kikombe chini, ishara kwamba nadharia inakuja. Hiyo elfu tano ya mwisho ni idadi ya watu. Mpaka watu elfu tano waandike kwa pamoja, ndipo mlango unafunguka. Sisi tuko wanne.

— Na hizo sufuri mbili za katikati?

— Hizo ni makufuli.

Shangazi alikuwa akimimina kahawa taratibu, kama amwaminiye kila mmoja na hamwamini hata mmoja.

— Koki mwanangu, namba hii ulipewa na nani?

— Na kompyuta yenyewe, Shangazi. Nilipoiwasha programu ikaniandikia: napatikana hapa.

— Hapa wapi?

Koki akaivuta kompyuta. Akarudi kwenye masomo yake. Kulikuwa na sura ya mwisho ambayo hakuisoma. Aliidhani ni ya maneno ya kwaheri. Akaisoma sasa, kidole kikifuata mstari, na masikio yake yakaanza kupata moto.

— Jamani, alisema. Namba hii kila mashine inayo. Maana yake ni "mimi mwenyewe". Ukiiandika kwenye kompyuta yangu, inaita kompyuta yangu. Ukiiandika kwenye simu ya Betri…

— Inaita simu ya Betri, alimalizia Shangazi.

Betri aliitazama simu yake.

— Yaani nimejigongea mlango mwenyewe mara nne?

— Mara nne.

— Na sikufungua!

— Ungefunguaje? Ulikuwa huku nje unagonga.

Brashi peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama mbele ya ukuta, mikono kiunoni.

— Nimewaandikia watu wa mtaa mzima wajitazame wenyewe, alisema. Kwa rangi ya mafuta!

Saa kumi ikafika. Pale kwenye karakana ya seremala likatokea dumu la njano. Likapumzika. Likapanda. Likapumzika tena. Koki akasimama kwenda kusema maneno yake mawili yale yale.

Kesho yake alikuja ameisoma sura ile mara tatu.

— Kosa langu ni hili, alisema. Ukurasa unaishi ndani ya kompyuta hii. Nikiifunga, nao unalala. Na hata ikiwa wazi, watu wa nje hawana njia ya kuufikia. Inatakiwa niupeleke kwenye kompyuta isiyolala, yenye anwani ambayo dunia nzima inaiona. Kuna kampuni huko mbali inawapa wanaoanza nafasi bure. Wenyewe wanaita kuweka kwenye wingu.

— Isiyolala kabisa? aliuliza Brashi.

— Kabisa.

— Hiyo lazima iwe kubwa kama mlima huu, alisema Betri. Nilisikia wameziweka kwenye barafu, zisiungue. Maelfu. Na kila moja ina mlinzi wake, kama wewe na koki.

— Ulisikia wapi?

— Redioni. Nilikuwa naitengeneza.

Koki akaandika, akabonyeza, akaituma kazi yake. Mistari midogo ikaanza kushuka kwenye kioo, mingi, ya haraka. Wakasogea wote, benchi likaelemea upande wa tofali. Kisha ukaja mstari mwekundu, na kila kitu kikasimama.

— Imesemaje?

— Inasema haimjui Flask.

— Flask ni nani? aliuliza Shangazi.

— Ni zana, Shangazi. Mimi sikuandika kila kitu toka mwanzo. Flask ndiyo inayojua kupokea ombi la mtu na kumrudishia ukurasa. Niliiweka humu miezi minane iliyopita, nikasahau kama niliiweka.

— Ah, alisema Shangazi. Umeenda kupika kwenye jiko la watu, ukadhani sufuria zako zitakutangulia.

Koki alimtazama. Masomo yake yalitumia kurasa nne kusema hivyo. Akafungua faili jipya na kuandika orodha ya mahitaji: Flask, na gunicorn, zana nyingine ambayo kazi yake ni kuiendesha programu na kuhudumia wageni wengi bila kuzidiwa. Akaituma tena. Mistari ikashuka. Safari hii haukuja mstari mwekundu. Wakapiga makofi. Koki akafungua ukurasa: kimya. Mduara ukazunguka, ukazunguka, ukakata tamaa.

— Imewaka, ila haijibu, alisema.

— Imenuna, alisema Betri. Umeisafirisha mbali na kwao bila kuiaga.

— Labda kule ni usiku, alisema Brashi.

— Si umeambiwa hailali?

— Hailali, lakini inaweza kuwa na haya. Imezoea uso mmoja.

Koki hakucheka. Ilikuwa imebaki nusu saa mama atokee, na alijua leo pia angemwambia yale yale. Akasoma kazi yake mwenyewe, neno kwa neno, kama asomavyo mtoto anayejifunza herufi. Mwishoni kabisa, kwenye mstari wa kuiwasha programu, akaikuta: 127.0.0.1. Alikuwa ameinakili bila kufikiri. Huko mbali, ndani ya kompyuta isiyolala, ukurasa wake ulikuwa umeamka vizuri, ukakaa chini, ukawa unajisikiliza wenyewe.

— Ile ile! alisema. Brashi, ni namba yako ile ile!

— Si yangu! Ni yako, mimi nimeitilia kivuli tu.

Masomo yalisema aandike 0.0.0.0, maana yake: msikilize yeyote atakayebisha hodi. Na ile elfu tano aitoe. Hiyo ni namba ya mlango, na anayeichagua ni mwenye nyumba, yaani ile kampuni, wala si mgeni. Akarekebisha yote mawili, akatuma, na mistari ilipokwisha hakufungua kitu. Akaifunika kompyuta, akaikalia.

— Betri, andika.

Akamtajia anwani mpya, ya maneno, inayoanza na maji-yapo. Betri akaandika kwa kidole kimoja. Akangoja. Halafu akaishika simu kwa mikono miwili.

HAYAPO.

Betri akaigeuza simu, wakaisoma wote.

— Fungua kompyuta, alisema Betri, kwa sauti ndogo.

— Nimeikalia.

— Imefungwa?

— Imefungwa.

— Sasa nani amenijibu?

Brashi alivua kofia. Shangazi alikuwa akimimina, kikombe kikajaa, kahawa ikamwagika benchini na kutiririka mpaka kwenye tofali, na yeye bado anaitazama simu.

— Neno lako, mwanangu, alisema. Limeenda huko kwenye barafu, likarudi, nawe hukuinuka.

— Sijui kama ni barafu, Shangazi.

— Wala mimi sijui. Ndiyo maana nashangaa.

Siku hiyo mama alipanda kama kawaida, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumpa anwani. Lakini jioni mke wa Koki aliichukua na kuteremka nayo, akaingia nyumba kwa nyumba, akiiandika kwenye simu za watu. Ya mama aliiandika mwisho. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu: "Na majirani wanayo?" Akaambiwa wanayo wote. Akasema, "Basi tutaona."

Brashi naye akapaka ukuta chokaa mara tatu. Namba nyekundu zikaendelea kuonekana kwa mbali, kama watu nyuma ya pazia. Akaandika anwani mpya juu yake, bila kivuli.

Kesho yake maji hayakuja. Saa tisa Koki akahakikisha ukurasa unasema hivyo, kisha akafungua kompyuta, akawaonyesha kitu ambacho hata yeye hakuwa amekitarajia. Kampuni ile ilimpa dirisha la kutazama wanaobisha hodi. Kila mara mtu alipofungua ukurasa, aliacha mstari mmoja mfupi wenye saa, dakika na namba ya kifaa chake. Hakuna jina wala uso.

Mstari mmoja ukaja. Wakaukodolea macho. Ukaja mwingine. Kisha mitatu kwa mpigo.

— Hao ni watu? aliuliza Brashi.

— Ni watu.

— Wa huko chini?

— Wa huko chini.

— Huyu kafungua mara nne, alisema Betri. Huyu ana kiu.

— Au anajigongea mlango kama mtu fulani.

Mistari ilifika ishirini. Thelathini na sita. Shangazi aliacha birika, akawa anaihesabu kwa midomo. Akaitazama njia. Haikuwa na mtu.

— Kila mstari ni ndoo iliyobaki nyumbani, alisema.

Tangu hapo hakuna aliyetazama kioo tena. Waligeuka wote wanne, wakaitazama njia: changarawe, kivuli cha karakana, ile kona. Saa kumi kasoro tano. Koki alisimama, kwa mazoea. Saa kumi. Alizoea mno kuliona lile dumu la njano hata mara mbili alidhani ameliona, kumbe ni ubao wa seremala.

— Labda hajasoma, alisema. Labda ameshaanza kupanda, anapumzika pale chini.

— Subiri, mwanangu.

Saa kumi na dakika tano. Njia ilikuwa tupu, na jinsi ilivyokuwa tupu, hawakuwa wamewahi kuiona hivyo. Simu ya Koki ikalia mfukoni. Ujumbe wa mkewe, aliyekuwa kwa mama. Aliusoma kimoyomoyo, kisha akausoma kwa sauti.

— "Alikuwa ameshavaa viatu. Akasoma. Amevivua."

 Brashi alijifuta macho kwa mkono wenye rangi, akabaki na alama ya bluu shavuni. Nao wakaendelea kuitazama njia, kana kwamba ule utupu wake ungeweza kutoroka wakigeuka.

Hapo akatokea mtu kutoka upande wa pili wa mlima, mgeni, begi begani, amechoka. Akawakuta watu wazima wanne wamesimama, vikombe vimepoa, macho kwenye njia isiyo na mtu. Akatazama walikotazama. Akarudi kuwatazama wao.

— Habari zenu jamani. Mnamngoja nani?

Wakatazamana. Betri akavuta pumzi ya kuanza kueleza, akaiachia. Brashi akaonyesha ukuta, kisha akaushusha mkono. Koki akajaribu kutabasamu.

Shangazi akasogea kwenye benchi, akampisha mgeni mahali pa kukaa. Mgeni akaketi, akapokea kahawa yake, akawa naye anaitazama njia.